Mgeni Naye Ana Deni

Wahenga wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaipenda, na mara nyingi twaisema kwa kucheka, hasa mgeni mwenyewe akiwa mbali asisikie. Lakini yafaa tuangalie jambo moja. Karibu sikuzote methali hii husemwa na mwenyeji. Ni yeye anayezihesabu siku, na ni yeye anayelitafuta jembe. Sisi mapadre nasi katika mahubiri yetu twafuata njia ile ile: twawafundisha watu wajibu wa kumpokea mgeni. Ni vema, maana Bwana Wetu Yesu Kristu ametuonya kwamba Siku ya Hukumu atatudai habari za mgeni kana kwamba ni habari zake mwenyewe. Hata hivyo ni mara chache sana twauliza swali la upande wa pili: Na mgeni je? Yeye adaiwa nini? Mtu aliyepokelewa katika nchi isiyo yake, je, aweza kukaa humo kama msafiri akaavyo hotelini, alipe chumba chake, afunge mlango, na kuhesabu kwamba hana deni kwa mtu yeyote?

Swali hili si la kupitishia wakati. Kati ya wasomaji wetu wako wazazi wengi wenye mtoto ng'ambo, kwa masomo au kwa kazi, na wengine wanajiandaa kumsindikiza uwanja wa ndege. Wazazi hao hutuuliza, wengine kwa barua, wengine mlangoni pa kanisa baada ya Misa: "Padre, tumwambie nini kijana wetu?" Kwa kawaida wao wenyewe wamekwisha kumwambia mambo matatu: asome kwa bidii, asiache sala, na avae nguo nzito. Ni mashauri mema yote matatu. Leo twapenda kuongeza la nne. Nalo hatukulitoa vitabuni tu, bali katika makosa ya mwandishi mwenyewe.

Majira ya baridi ya mwaka 2018 kuingia 2019, mwandishi wa maneno haya, akiwa padre mwanafunzi huko Ufaransa, alitumwa kusaidia kazi za parokia katika mji mdogo wa milimani uitwao Briançon. Naomba ruhusa ya wasomaji niseme "mimi" toka hapa, maana kosa nitakalolisimulia ni langu, wala haifai kulificha nyuma ya neno "sisi".

Briançon uko katika milima ya Alpi, karibu na mpaka wa Italia, kwenye kimo cha mita 1,326 juu ya bahari. Watu wake wapata 11,000 hivi. Treni inayopanda bondeni inakoma hapo. Mbele yake hakuna reli, kuna mlima tu. Mji wa juu, ule wa zamani, umezungukwa na ngome zilizopangwa na Vauban, mhandisi mkuu wa vita wa Mfalme Louis wa 14, nazo ziliingizwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Barabara yake kuu yashuka kwa mteremko mkali, na katikati yake wapita mfereji wa maji uliotengenezwa zamani kwa ajili ya kuzimia moto. Juu ya mapaa yote husimama kanisa lenye minara miwili.

Mtu wa kwetu akisikia neno "baridi" hufikiri Njombe au Lushoto mwezi wa Julai. Baridi ya huko ni ya namna nyingine. Jua lipo, tena jua jeupe liumizalo macho juu ya theluji, lakini halimpi mtu joto la kutosha. Alasiri mapema hujificha nyuma ya mlima, na mara moja hewa hukata uso kama wembe. Usiku vipimo hushuka hata nyuzi kumi chini ya sifuri. Maji yaliyomwagika mchana huwa kioo asubuhi, na mtu mzima hujifunza upya kutembea, kwa hatua fupi, mikono mbali na mwili, kama mtoto aliyeanza kusimama jana.

Lakini kilichonilemea zaidi hakikuwa baridi. Kilikuwa ni milango. Kwetu mgeni hujulikana upesi kwa sababu maisha yetu ni ya nje: barazani, sokoni, kisimani, chini ya mwembe. Huko, theluji ikishuka, maisha yote huingia ndani. Saa kumi na moja jioni vibao vya madirisha vimekwisha kufungwa, na barabara ni tupu. Nilipita katikati ya nyumba zenye watu nisisikie sauti ya mtu. Wale niliokutana nao walinijibu salamu kwa neno moja wakapita, nyuso zimezama katika skafu. Sikufahamu kwamba mlango hufungwa ili joto lisitoke, wala si kwa chuki, na kwamba mtu hasimami kuongea njiani wakati baridi inampenya miguuni. Baada ya majuma mawili nilikwisha kutoa hukumu. Niliandika barua nyumbani nikasema: Watu hawa wanafanana na hali ya hewa yao. Niliona maneno hayo ni mazuri sana. Leo nayaonea aibu.

Kila asubuhi, nilipofungua mlango wa nyumba ya mapadre kwenda kutoa Misa, nilikuta njia imekwisha kusafishwa kutoka kizingitini hata barabarani, upana wa hatua mbili, na majivu yamenyunyizwa juu yake ili mtu asiteleze. Huku na huku theluji ilifika magotini. Nilidhani ni kazi ya vibarua wa mji. Wala sikuuliza. Siku moja ya mwezi Januari sikupata usingizi, nikaamka mapema kuliko desturi yangu, nikasikia nje sauti ya chuma kikikwaruza jiwe. Nikachungulia dirishani. Alikuwa jirani yetu, mama mjane aliyepita umri wa miaka sabini, amejifunga kitambaa kichwani, akizoa theluji kwa koleo pana. Alikwisha kumaliza mlangoni kwake; sasa alikuwa mlangoni kwangu.

Nilishuka mbio, nusu nimevaa, nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alinitazama kwa mshangao kidogo. Alisema kwamba mgeni huachwa kwanza apumzike, hasa aliyetoka nchi ya joto. "Lakini, Padre," akaongeza, "kama unataka kusaidia, koleo liko nyuma ya mlango wako. Limekuwapo sikuzote."

Nikageuka nikatazama. Lilikuwapo. Kwa majuma matano nilikuwa nimelipita kila siku, na mara nyingine nilikuwa nimelitundikia koti langu.

Basi jembe la methali nilipewa huko, nami nikiwa nimechelewa zaidi ya mwezi mzima. Tangu asubuhi ile nilizoa theluji ya milango miwili, wa kwangu na wa yule mama. Na hapo ndipo nilipoanza kuwafahamu watu wa Briançon. Mwenye koleo mkononi husalimiwa. Mwoka mikate alisimama kunionyesha jinsi ya kuinama kwa magoti, si kwa mgongo. Mzee mmoja alinieleza kwamba yapasa kuizoa theluji kabla haijakanyagwa, maana ikikanyagwa hugeuka barafu, na barafu haizoleki. Wengine walitaka kujua habari za nchi yetu, na kama ni kweli kwamba tuna mlima wenye theluji karibu na mstari wa Ikweta. Nilikuwa nimengoja wanifungulie milango yao jioni. Kumbe wao walikuwa wakikutana nje alfajiri, kila mtu kizingitini kwake. Ndipo nilipofahamu pia maana ya kazi ile. Mtu asiposafisha mbele ya nyumba yake, huenda asianguke yeye mwenyewe, ataanguka apitaye.

Kisha nilijifunza jambo lililozidi kunitahayarisha. Watu wa milima ile, ambao mimi niliwahesabu kuwa hawajui ugeni ni kitu gani, walikuwa wenyewe wageni wa majira ya baridi kwa karne nyingi. Ardhi ilipofunikwa na theluji, wanaume wengi wa Briançon na mabonde ya jirani walishuka kwenda nchi tambarare kutafuta riziki. Wengine walikuwa wachuuzi, wengine waalimu. Waalimu hao walisimama magulioni wakiwa wamechomeka manyoya ya kuandikia katika kofia zao, ili wanaotaka mwalimu wajue wanachoweza kufundisha: unyoya mmoja ulimaanisha kusoma na kuandika, wa pili uliongeza hesabu, na wa tatu Kilatini. Theluji ilipoyeyuka walirudi kulima. Na kutoka bonde la Barcelonnette, upande wa kusini wa milima hiyo, watu walikwenda hata Meksiko tangu mwaka 1821, wakafanya biashara ya vitambaa; waliofanikiwa walirudi wakajenga nyumba kubwa ambazo zasimama mpaka leo. Babu za watu hawa walipata kulala katika nyumba za wengine. Yule mama aliponiacha nipumzike alikuwa akinilipa mimi deni ambalo wazee wake walikopa mahali pengine.

Sisi nasi tuna mfano wetu, tena wa mgeni kutoka nchi hiyo hiyo ya Ufaransa. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Bagamoyo. Mmoja wao aliyefika miaka kadhaa baadaye, Padre Charles Sacleux, hakuridhika kufundisha tu; alikaa chini akafundishwa. Alikusanya maneno ya Kiswahili pamoja na lahaja zake kwa subira ya miaka mingi, hata ikatoka kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kuchapwa mwaka 1939, nayo wataalamu wa lugha yetu waitazama hata leo. Hilo lilikuwa jembe lake. Maana kujifunza lugha ya mwenyeji si ufundi tu. Ni kukiri kwamba yeye naye ana kitu cha kukupa, na kwamba wewe hukuja na kila kitu mfukoni.

Katika mji ule niliwaona pia wageni wasiolijua koleo kabisa. Siwasemi wale wanaofika kwa juma moja kuteleza juu ya theluji, kisha wakarudi kwao. Nawasema wale walionunua nyumba, wakakaa miaka, wakajuana wao kwa wao tu, wakiusifu mlima na kuwalalamikia watu wake. Wanalipa kodi yao na kila kitu wanunuacho, na hivyo hujiona hawadaiwi. Lakini deni la mgeni si la fedha. Simhukumu mtu, mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao kwa majuma matano, tena mimi hata kodi ya nyumba sikulipa.

Kama ningekoma hapa, wasomaji wangedhani kwamba koleo liliniponya. Lakini kuna usiku mmoja wa mwezi Februari.

Juu ya Briançon iko njia ya mlimani iitwayo Montgenèvre, yenye kimo cha mita 1,850, ambayo yaunganisha Ufaransa na Italia. Novemba 2015 serikali ya Ufaransa ilirudisha ukaguzi katika mipaka yake, na katika miaka iliyofuata watu wasio na hati wakaanza kupita pembeni, usiku, katikati ya misitu na theluji. Wengi wao walikuwa vijana wa Afrika ya Magharibi. Wako waliopoteza vidole na miguu kwa baridi. Mwezi Mei 2018 mwili wa mwanamke kijana kutoka Nigeria ulikutwa katika mto Durance, mto uupitao mji ule. Wenyeji wengi walisema kwamba sheria ya mlima ni kama sheria ya bahari: aliye hatarini huokolewa kwanza, huulizwa jina lake baadaye. Mwaka 2017 walifungua nyumba ya kuwapokea karibu na stesheni, wakapokezana kupika, kuganga na kukesha. Mwaka 2021 nyumba hiyo ilihamishiwa katika jengo lililokuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua, kwa kuwa zamani watu walipelekwa Briançon waponywe na hewa yake safi.

Usiku ule nilikuwa nikirudi kutoka kumpelekea mgonjwa Komunyo Takatifu. Ilikuwa yapata saa tatu. Penye lango la mji wa juu, liitwalo lango la Pignerol, nilikuta vijana wawili wamesimama chini ya taa. Mmoja alivaa viatu vya kitambaa, navyo vimelowa. Waliponiona nyuso zao zilifunguka. "Kaka," wakasema kwa Kifaransa, "nyumba ya kupokea watu iko wapi?"

Neno "kaka" ndilo lililoniangusha. Nilikuwa nimevaa koti zito, na ukosi wa kipadre ulikuwa umefichwa na skafu. Kwa askari apitaye tungekuwa watu watatu weusi gizani, basi. Mfukoni nilikuwa na kibali changu cha kukaa, chenye picha na jina. Wao hawakuwa na kitu. Na mimi niliogopa. Sikuogopa kupigwa wala kufungwa. Niliogopa tu kuhesabiwa pamoja nao. Nikanyosha mkono nikasema, "Shukeni na barabara hii hata stesheni." Nikawatakia usiku mwema. Kutoka pale hata stesheni ni mwendo wa nusu saa juu ya barafu. Kwetu hata mtoto wa shule hujua kwamba mgeni husindikizwa. Mimi sikuwasindikiza.

Nikaingia nyumbani. Supu ilikuwa mezani na jiko la kuni lilikuwa likiwaka. Nilipokaribia moto ili nipashe mikono yangu, nikamkumbuka Mtume Petro, ambaye naye alikuwa akiota moto usiku wa baridi alipoulizwa kama yu mmoja wa wale, akakana. Sikuimaliza supu. Nilivaa koti nikashuka mbio na kuteleza mpaka stesheni. Njiani sikukuta mtu. Katika nyumba ile waliokuwa zamu waliniambia kwamba wamefika wengi usiku ule. Niliona watu wamelala kwa mistari, wamejifunika hata vichwani. Sikuthubutu kuwaamsha watu waliochoka ili mimi nipate amani. Hata leo sijui kama wale wawili walikuwamo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mgeni adaiwa nini? Jibu la kwanza nilifundishwa na yule mama mjane: mgeni anawia deni wale waliompokea. Adaiwa shukrani, lugha, heshima kwa desturi njema za mahali, na sehemu yake ya kazi. Jibu hili ni la kweli, nalo ndilo mafundisho ya Kanisa. Katekisimu yasema kwamba mataifa yenye mali yapaswa kuwapokea wageni kadiri yawezavyo. Yasema pia kwamba mgeni apaswa kuuheshimu urithi wa nchi iliyompokea, kutii sheria zake na kusaidia kubeba mizigo yake. Haki na wajibu vyatembea pamoja, kama miguu miwili.

Lakini jibu la kwanza halitoshi. Wale vijana wawili hawakuwa wenyeji wangu. Hawakunipokea, hawakunipa chakula, wala sikula nao deni lolote. Kwa hesabu ya dukani sikudaiwa nao kitu. Kwa nini basi dhamiri ilinikamata?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akieleza utaratibu wa mapendo, afundisha kwamba kwa kawaida yatupasa kuwatendea mema kwanza walio karibu nasi: wazazi, jamaa, watu wa nchi yetu. Huo si uchoyo, ni utaratibu wa akili. Lakini aongeza kwamba shida yaweza kuugeuza utaratibu huo. Mtu baki aliye katika dhiki ya mwisho yapasa asaidiwe kabla hata ya baba mzazi, ikiwa baba hana dhiki kubwa kama hiyo. Basi ukaribu una vipimo viwili: kimoja ni damu, cha pili ni hatari. Mtu aliyevaa viatu vya kitambaa kwenye theluji, saa tatu usiku, amekwisha kuwa ndugu wa karibu kuliko wote kwa yule amwonaye kwanza. Wale vijana walifahamu hivyo bila kusoma teolojia. Waliniita kaka.

Atasema msomaji: Na sheria je? Mgeni mwema si yule anayezitii sheria za nchi iliyompokea? Naam, ndivyo. Serikali yoyote ina haki ya kulinda mipaka yake, na asemaye kwamba jambo hili ni jepesi hajalitazama. Lakini mimi siwezi kujificha nyuma ya sheria. Tarehe 6 Julai 2018, miezi saba kabla ya usiku ule, Baraza la Katiba la Ufaransa lilikuwa limetamka kwamba udugu ni kanuni ya katiba ya nchi, na kwamba kwa ajili yake mtu ana uhuru wa kumsaidia mwenzake kwa utu, bila kujali kama hati zake ni halali. Kumvusha mtu mpaka kulibaki kosa. Kumwonyesha njia na kumsindikiza hata penye moto, nusu saa, ndani ya mji, hakukuwa kosa. Kilichonizuia hakikuwa sheria. Kilikuwa ile karatasi mfukoni. Ilinifanya nijione kama nusu mwenyeji, nami sikutaka nusu ile iguswe.

Hapo ndipo penye hatari ya mgeni aliyepokelewa vizuri. Mwenyeji halisi hana hofu. Mlango ni wake tangu babu. Lakini aliyeingia jana bado hana hakika, na kwa sababu hiyo mara nyingi ndiye afungaye upesi kuliko wote anaposikia mwingine anabisha. Hudhani kwamba nafasi ni chache na kwamba akionekana na wabishao, yeye naye atatolewa nje. Hivyo aliyepaswa kuelewa kuliko wote huwa wa kwanza kutoelewa. Usiku ule katika nyumba ya karibu na stesheni waliokuwa wakikesha walikuwa wenyeji, wajukuu wa waalimu wenye manyoya kofiani. Mgeni, tena padre, alikuwa mezani pake akila supu.

Basi deni la pili la mgeni ni hili: anamwia yule anayekuja nyuma yake. Wema tuliotendewa mara nyingi hatuwezi kuurudisha ulikotoka. Wazee wa Briançon hawakuweza kuwalipa watu wa nchi tambarare waliowalaza. Wajukuu wao walimlipa Mtanzania. Mtanzania naye alipaswa kuwalipa Waafrika wenzake wawili langoni. Ndiyo maana Papa Pio wa 12, alipoandika juu ya wahamiaji mwaka 1952, aliiweka mbele ya macho yetu Familia Takatifu ya Nazareti iliyokimbilia Misri. Waliopata kuwa wakimbizi ndio waliokabidhiwa ulimwengu wote.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya ili tujaribiwe. Yuko kijana aliyetoka kijijini akafikia kwa shangazi yake Dar es Salaam. Miaka miwili alilala sebuleni, akala chakula ambacho shangazi alikipunguza katika sahani za watoto wake. Leo ana kazi na chumba chake. Sasa binamu yake amemaliza shule naye anataka kuja mjini kutafuta. Simu yaita, kijana alitazama jina, asipokee. Anajiambia kwamba chumba ni kidogo, na ni kweli, ni kidogo. Lakini sebule ya shangazi je, ilikuwa kubwa? Wako pia kati yetu watu ambao wazazi wao walivuka mpaka wakikimbia vita, kutoka Rwanda tangu mwaka 1959, kutoka Burundi mwaka 1972, kutoka Kongo mwaka 1996, wakapata mahali pa kuweka mafiga. Hao na wawe wa kwanza kunyamazisha maneno ya dharau yanapotajwa majina ya wakimbizi wa leo.

Kwa hiyo, ninyi wazazi mnaouliza mtamwambia nini mtoto wenu aliye ng'ambo, mwambieni avae nguo nzito, asome, asali. Kisha mwambieni hivi. Juma la kwanza na apumzike. Juma la pili na atazame nyuma ya mlango. Ajifunze salamu ya watu wa pale kabla ya kulalamika kwamba hawasalimu. Aende kanisani si ili akutane na watu wa kwao tu, bali ajue pia jina la bibi anayekaa benchi la mbele. Asiandike barua ya kuwahukumu watu kabla hajashika kazi pamoja nao. Na siku atakapopata hati, kazi na ufunguo, asifikiri kwamba ugeni wake umekwisha. Umeanza kuwa na maana, kwa kuwa sasa anao mlango wa kumfungulia mwingine. Akiitwa kaka usiku na mtu asiyemjua, asitazame huku na huku kwanza.

Niliondoka Briançon baada ya Pasaka, mwishoni mwa Aprili 2019. Barabarani theluji ilikuwa imekwisha, na mfereji wa katikati ya mji ulikuwa ukipiga kelele kwa maji yaliyoyeyuka. Nilimwaga yule mama. Alinipa jibini iliyofungwa kwa kitambaa, akaniambia niwasalimie wazazi wangu. Kisha nikalisafisha koleo, nikalipaka mafuta lisishike kutu, nikalirudisha nyuma ya mlango, na juu ya mpini wake nikafunga karatasi ndogo kwa ajili ya padre atakayenifuata. Niliandika maneno machache tu: Na mlango wa jirani pia.